Nuru Juu ya Uso Mweusi

Mtu apitaye katika mitaa ya Kariakoo, iwe ni Msimbazi, Kongo, Swahili au Nyamwezi, huzungukwa na nyuso zilizochorwa kwa mkono, ingawa aghalabu hazitii maanani. Ukutani mwa kibanda cha kinyozi wamo vijana walionyolewa kwa mitindo mbalimbali. Kwenye kibao cha msusi wamo akina mama waliogeuza shingo ili misuko yao ionekane vizuri. Na barazani, au chini ya ngazi ya ghorofa, hupatikana mchoraji aliyetundika kazi zake za penseli: viongozi, wanamuziki, wachezaji wa mpira, na bibi arusi mmoja au wawili, ili wapitao wauone uwezo wa mkono wake.

Picha hizo zilizotundikwa sizo zimpazo riziki. Watu mashuhuri huchorwa kwa ajili ya kuvutia macho. Mteja halisi huja na bahasha. Ndani ya bahasha mna picha ndogo ya pasipoti au nakala ya kitambulisho, na mara nyingi mwenye picha hiyo ni marehemu. Familia imekaribia arobaini, au imetimiza mwaka, na ghafla imegundua kwamba mzazi aliyelea watoto saba hakuacha picha nyingine ila hiyo aliyopigwa akiwa amekaza shingo mbele ya pazia. Wanataka sura yake ikuzwe, itiwe fremu na kutundikwa sebuleni. Wanataka pia, bila ya kulisema, awe ametulia kidogo kuliko alivyokuwa siku ile ya kupigwa picha.

Mchoraji hupiga mistari ya miraba juu ya picha ndogo, akapiga mingine juu ya karatasi kubwa, kisha akahamisha mraba mmoja baada ya mwingine. Hadi hapo kazi ni ya rula na subira. Ugumu huanza anapokuta kwamba katika picha ile ndogo macho yanaonekana, kola ya shati inaonekana, lakini kati ya macho na kola mna giza tupu. Mashavu hayamo. Upande mmoja wa pua haumo. Hapo fundi hana budi kuujenga uso upya kutokana na anavyozijua nyuso nyingine, na kutokana na maneno ya wanafamilia waliosimama nyuma yake wakibishana kama marehemu alikuwa na kishimo shavuni au hakuwa nacho.

Kuujenga uso kutokana na maneno na dalili chache: hiyo ndiyo kazi tunayotaka kuitazama, ndugu msomaji, kwa sababu katika miaka hii imepata soko jipya ambalo watu wengi wa rika letu hawajalitambua. Soko hilo ni la michezo ya kompyuta.

SURA YA KUVAA

Vijana wanaijua aina moja ya mchezo ambayo wazee wao wangeitambua mara moja kuwa ni hadithi tu, isipokuwa msimulizi wake ni mashine. Mna falme, mazimwi, wachawi, panga zenye nguvu za ajabu na safari ndefu. Mchezaji husafiri ndani ya hadithi akiwa mmoja wa wahusika, na kabla ya kuanza safari huchagua sura atakayoivaa. Sura hiyo ni picha ya kichwa na mabega, nayo hukaa pembeni mwa kioo muda wote wa mchezo.

Mwaka 1998 kampuni ya BioWare ya mjini Edmonton, Kanada, ilitoa mchezo uitwao Baldur's Gate. Picha kubwa za wahusika wake zilikuwa na vitone 110 kwa upana na 170 kwa urefu; zile ndogo, 38 kwa 60. Ukizidisha utaona kwamba uso mzima wa shujaa, pamoja na nywele, kofia ya chuma na kovu la vita, ulitakiwa uenee katika vitone 2,280. Shujaa alipojeruhiwa, picha yake ilianza kufunikwa na wekundu, na mchezaji aliyetupa jicho pembeni alijua mara moja nani anakaribia kufa. Waundaji waliruhusu pia mchezaji aingize picha aliyoichora mwenyewe. Kutokana na ruhusa hiyo ndogo ukazuka ufundi mzima: watu wa nchi mbalimbali wakaanza kuwachorea wahusika wao sura, wengine kwa penseli kwanza na kuihamishia kompyutani, wakaitia kivuli na rangi, wakaonyeshana na kukosoana.

Nyuso zilizokuja pamoja na mchezo zilikuwa kwa sehemu kubwa za Wazungu. Si la kushangaza. Kila mchoraji huanza na nyuso za kwao. Lakini maana yake ni kwamba kijana wa Ilala au Temeke aliyetaka kusafiri katika hadithi ya namna hiyo akiwa na uso unaofanana na wa mjomba wake, ilimpasa auchore yeye. Na alipoketi kuuchora akakutana na kikwazo ambacho hakukitarajia. Vitabu vingi vya kufundishia uchoraji huanza na karatasi nyeupe, ambayo yenyewe hufanywa kuwa ngozi, kisha kivuli huongezwa kidogo kidogo. Njia hiyo humfaa mtu ambaye ngozi yake inakaribiana na karatasi.

GIZA SI RANGI MOJA

Mwanafunzi asiye na mwalimu huupaka uso wote rangi moja ya mkaa, kisha akatafuta mahali pa kuyaweka macho. Uso wa namna hiyo huwa kama tundu lililokatwa katika karatasi. Anapoona umekuwa mweusi mno hufuta, na anapofuta huupausha, na mwishowe humtoa mtu ambaye si mweusi wala si mweupe, bali ana rangi ya jivu, kana kwamba ameugua kwa muda mrefu. Tumeziona picha za namna hiyo zikitundikwa hata katika majumba ya watu wenye uwezo.

Ngozi nyeusi haimezi nuru, bali huirudisha kwa namna yake. Katika uso mweupe kinachojitenga waziwazi ni kivuli: kivuli cha pua juu ya mdomo, kivuli cha kidevu juu ya shingo. Katika uso mweusi kivuli hakiachani sana na ngozi yenyewe, na kinachojitenga ni mng'ao: pajini, juu ya mfupa wa shavu, katika mwanzi wa pua, juu ya mdomo wa chini, katika ncha ya kidevu. Kwa hiyo anayemchora Mzungu huchora vivuli, na anayemchora mtu wa kwetu huchora nuru. Jambo hili moja likishaeleweka, mengine yote hufuata.

Asiyeamini na aende akasimame mbele ya Sanamu ya Askari, katikati ya jiji, mahali Barabara ya Samora inapokatana na Azikiwe. Sanamu hiyo ya shaba iliyoiva kwa weusi imesimama pale tangu mwaka 1927, ikiwakumbuka Waafrika waliotumikishwa katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Askari yule hana jina. Ni mhusika aliyebuniwa ili awasimamie maelfu. (Wapagazi wa vita hivyo, ambao jina la kikosi chao kwa Kiingereza, Carrier Corps, ndilo lililogeuka likawa Kariakoo, wengi wao hawakuachiwa hata kipande cha picha.) Mtazame asubuhi, saa mbili au saa tatu, jua linapomjia kwa upande. Utaona kwamba uso wake hauna sehemu nyeupe hata moja, na bado kila mfupa unasomeka, kwa sababu ya michirizi michache ya nuru iliyokaa mahali pake. Rudi saa sita mchana. Jua la Dar es Salaam mwanzoni mwa Machi, na tena katika Oktoba, hupita karibu sawasawa na utosi. Nuru yote imehamia juu ya kofia na mabega, macho yamezama ndani ya mashimo yake, na uso umekuwa barakoa. Ndiyo maana mchoraji mwenye busara humwambia mteja aje asubuhi au alasiri ya saa kumi, na humkalisha karibu na mlango, upande mmoja ukielekea nje.

Wachonga vinyago wanalijua somo hili bila ya kuambiwa. Mpingo uliochongwa bila ya kusuguliwa ni mweusi tu, na sura iliyomo humpita mtazamaji. Ni baada ya msasa na nta ndipo kinyago kinapoamka, maana sasa kila pembe inashika mwanga wake.

Kwa wanaoanza, iko njia rahisi na ya bei ndogo. Iache karatasi nyeupe. Ikunjue bahasha kubwa ya kaki, ile ya ofisini, na uchore juu ya upande wake wa ndani. Rangi ya kaki tayari ni ya kati. Si giza wala si nuru. Twaa mkaa uchore sehemu za giza: nywele, nyusi, mashimo ya macho, chini ya pua, chini ya kidevu. Usiusambaze kwa kidole mpaka ujue unakoupeleka. Sehemu kubwa ya mashavu na paji iache kaki yenyewe iseme, au uitilie mkaa mwepesi. Mwisho kabisa, na kwa ubahili, chukua kipande cha chaki nyeupe, ukiguse kituo kimoja cha paji, kituo kimoja cha shavu, kituo kimoja cha mdomo. Chaki ikizidi, uso huonekana umelowa. Chini ya taya, upande wa kivulini, acha mstari mwembamba usiokolea sana, kwa sababu nuru iliyopiga kifuani au kwenye kanga hurudi ikaligusa taya kutoka chini. Mstari huo mdogo ndio unaokitenga kichwa na shingo na kukifanya kiwe cha mviringo.

Tusidhani kwamba tatizo la kuunasa uso mweusi liliwahi kuwa la wachoraji peke yao. Filamu za rangi za kampuni ya Kodak ya Marekani zilitengenezwa kwa miaka mingi kwa kuipima ngozi ya Kizungu. Katika maabara za kusafishia picha zilitumwa kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke Mzungu, na mafundi walizoea kuziita Shirley. Shirley akitoka vizuri, mashine iko sawa. Wazazi Weusi walipolalamika kwamba watoto wao katika picha za shule wameonekana meno na macho tu, malalamiko yao hayakubadili kitu. Waliobadili mambo, kwa jinsi wataalamu wa kampuni hiyo walivyokuja kueleza baadaye, ni watengenezaji wa chokoleti na waunda samani, ambao walitaka matangazo yao yatofautishe chokoleti nyeusi na ya maziwa, na mbao nyeusi na mbao nyepesi. Basi uso wa mtu ulinufaika kwa fadhila ya kabati. Picha nyingi za zamani zilizomo katika bahasha za wateja wa Kariakoo, zile zenye macho na kola na giza katikati, ni zao la filamu za wakati huo.

Mchoraji wa kompyuta hana mkaa wala chaki, ana kalamu isiyo na wino na kibao chake, au mara nyingine ana kidole chake tu juu ya simu. Kanuni lakini ni zilezile. Wengi huanza na rangi ya kijivu ya kati ikienea uso mzima, kama ile kaki yetu, wakatia giza, wakatia nuru, na uso ukisimama barabara ndipo hutandaza rangi juu yake katika tabaka jingine, kama mtu anayeweka karatasi ya nailoni yenye rangi juu ya picha ya zamani. Hapo ipo hatari nyingine. Nuru juu ya ngozi nyeusi si nyeupe. Mtu aliyesimama nje chini ya anga wazi ana ubuluu pajini. Aliyekaa karibu na kibatari ana umanjano na wekundu. Na katika giza la ngozi yenyewe mna kahawia, zambarau na wekundu wa udongo. Anayetumia nyeupe kwa nuru na nyeusi kwa kivuli hupata sanamu ya plastiki.

Halafu huja mtihani wa udogo. Picha iliyomchukua mchoraji siku tatu hupunguzwa mpaka iwe na ukubwa wa stempu. Kope alizozichora moja moja hupotea. Ushanga shingoni hugeuka uchafu. Yanayobaki ni mambo matatu au manne: umbo la nywele, mwelekeo wa kichwa, mahali nuru ilipokaa, na giza la macho. Fundi aliyekomaa huupunguza mchoro wake tangu mwanzo, kila baada ya saa moja hivi, na asiye na kompyuta hurudi nyuma hatua kumi akafumba macho nusu. Kisichoonekana kwa macho yaliyofumbwa nusu hakina haja ya kutiliwa juhudi.

MSTARI WA MAGAZETINI

Katika jambo hili la kusema mengi kwa alama chache, nchi yetu haianzi leo. Karatasi ya gazeti hunywa wino, na mitambo ya zamani haikuweza kutoa kivuli chepesi bila ya kukigeuza tope. Wachora vibonzo wakalazimika kuyafanya yote kwa mstari mweusi: penye kivuli, mistari ya kukatana, penye nuru, karatasi tupu. Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na msomaji alimtambua kabla hajayasoma maneno. Jarida la Sani, lililopata jina lake kutokana na waanzilishi wake wawili, Saidi na Nico, liliwapa Watanzania akina Ndumilakuwili, Madenge na Lodi Lofa, waliochorwa na Philip Ndunguru, kijana aliyefariki katika miaka ya 1980 kabla ya kuyaona matunda yote ya kalamu yake. Godfrey Mwampembwa, ajulikanaye kwa jina la Gado, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, na mwaka 1992 akaenda Nairobi kuchorea gazeti la Nation. Ali Masoud akamchukua panya mdogo, akampa ulimi wa kuwasema wakubwa, hata mchoraji mwenyewe akaitwa Kipanya.

Mtoto aliyekua akinakili Madenge kwenye daftari la hesabu amekwisha kujifunza nusu ya kazi ya vitone 2,280, pengine pasipo yeye mwenyewe kujua. Nusu iliyosalia ni ile ya nuru.

UJIRA

Je, kazi hii inalipa? Swali hili wazazi huliuliza mapema, na wana haki ya kuliuliza.

Afrika Mashariki imekwisha kujaribu. Nchini Kenya, Wesley Kirinya alitoa mchezo wa Nyangi mwaka 2007, na miaka miwili baadaye akashirikiana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha kampuni ya Leti Arts, ambayo imewafanya mashujaa wa hadithi za Kiafrika kuwa wahusika wa michezo na vitabu vya katuni. Huko Kameruni, kampuni ya Kiro'o Games ya mjini Yaoundé ilitoa mwaka 2016 mchezo wa Aurion, wenye mfalme kijana na mkewe waliopinduliwa siku ya arusi yao, nao ukachorwa na wachoraji wa hukohuko.

Lakini mchezo unaotugusa zaidi sisi tusemao Kiswahili ulitoka Uingereza tarehe 23 Aprili 2024. Unaitwa Tales of Kenzera: Zau. Aliyeubuni ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, na kampuni yake Surgent Studios. Aliutunga baada ya kufiwa na baba yake. Ndani yake mna kijana Zuberi, ambaye baba yake amekufa na kumwachia kitabu. Na ndani ya kitabu mna mganga kijana, Zau, anayekwenda kwa Kalunga, mungu wa mauti, kupatana naye amrudishie baba. Mchezaji akitaka husikia wahusika wakizungumza Kiswahili. Inafaa kulitazama jambo hili kwa makini: mchezo uliouzwa duniani kote chini ya kampuni kubwa ya Electronic Arts ulizaliwa katika haja ileile inayomleta mteja Kariakoo na bahasha mkononi.

Haikuwa rahisi. Kabla mchezo haujafika sokoni walitokea watu mitandaoni wakaukashifu kwa sababu tu wahusika wake ni Weusi, na Salim akawajibu hadharani. Mwezi Julai 2024, miezi mitatu baada ya kutoka, kampuni ikatangaza kuwapunguza wafanyakazi zaidi ya kumi. Kwa hiyo anayemwambia kijana kwamba michezo ya kompyuta ni mgodi wa dhahabu anamdanganya. Ni kazi ya mikataba, inayokuja na kuondoka, kama kazi ya fundi ujenzi.

Ndiyo maana mkataba una uzito. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda kazi za uchoraji, na COSOTA ipo kwa ajili hiyo. Mchoraji anayeombwa sura kumi za wahusika aulize kwanza: mnunuzi anainunua picha, au ananunua ruhusa ya kuitumia katika mchezo huu mmoja? Je, akitaka kuichapa kwenye fulana, au kuiuza kwa kampuni nyingine? Je, jina la mchoraji litaandikwa? Maswali haya yakiulizwa baada ya malipo huwa ugomvi. Yakiulizwa kabla huwa ni biashara. Na yaandikwe, hata kama mnunuzi ni rafiki.

Zimekuja pia mashine zinazochora kwa kuamriwa kwa maneno, na kwa nusu dakika hutoa nyuso ishirini. Zimejifunza kutokana na mamilioni ya picha zilizochorwa na kupigwa na binadamu, wengi wao wakiwa hawakuombwa ruhusa, na kesi juu ya jambo hilo zimefika mahakamani huko Marekani na Uingereza. Kwa mchoraji wa mabango ya bei nafuu tishio hilo ni la kweli, wala hatutalipunguza. Kwa mchoraji wa sura za marehemu sivyo ilivyo kwa sasa, kwa kuwa mashine haijui kubishana na shangazi juu ya kishimo cha shavuni.

NANI ATAMPA LIONGO USO?

Baada ya hesabu za fedha, turudi kwenye karatasi. Mashujaa wa michezo ya ng'ambo wamekwisha kuchorwa mara elfu. Wa kwetu wanangoja, na baadhi yao ni wahusika ambao mchoraji yeyote angewatamani.

Chukua Adili, katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotolewa mwaka 1952. Ni mtu mwema, mpole, liwali aliyeaminiwa na mfalme. Na kila usiku hana budi kuwachapa manyani wawili ambao kwa hakika ni ndugu zake waliogeuzwa na jini kwa ubaya wao. Utamchora mchana au usiku? Ukimpa macho ya ukali umekosea, kwa maana hana ukali. Ukimpa macho ya upole matupu hukusema lolote. Hapa nuru hufanya kazi ambayo nyusi haziwezi: taa ya chumba ikiwekwa chini na pembeni, nusu ya uso hubaki ya liwali anayejulikana na watu, na nusu ya pili huingia mahali ambapo ni manyani tu wanaomwona.

Au chukua Fumo Liongo. Edward Steere aliichapisha hadithi yake mwaka 1870 kama ilivyosimuliwa Unguja, na pwani ya kaskazini, upande wa Pate na Ozi, ilikuwa ikisimuliwa kwa vizazi vingi kabla yake. Mtu mrefu kupita wote, mwenye nguvu, mshairi, aliyechukiwa na mfalme, ambaye silaha haikumdhuru ila sindano ya shaba kitovuni. Mwanawe, na wengine husimulia kuwa ni mpwawe, ndiye aliyemchoma usingizini.

Mchoraji wa haraka atamvika ngozi ya chui, kwa kuwa ndivyo Afrika inavyovishwa katika michezo ya wageni. Liongo hakuwa mtu wa porini. Magofu ya Shanga, katika kisiwa cha Pate, yalichimbuliwa na wanaakiolojia katika miaka ya 1980, nayo yameonyesha mji wa Waislamu wenye msikiti, nyumba za mawe na vyombo vilivyotoka ng'ambo ya bahari. Basi anahitaji nguo ya mtu wa mjini, upinde mkononi, na labda nyuma yake siwa, lile baragumu la wafalme wa pwani, ambalo la pembe la Pate na la shaba la Lamu yamehifadhiwa mpaka leo.

Umri? Hadithi haisemi. Ana mwana aliyekwisha kuwa na akili ya kumwua, kwa hiyo si kijana. Tia mvi mbili tatu ndevuni, na uzitie kwa chaki iliyochongwa, si kwa kidole. Paji liwe pana na ling'ae, kwa sababu yuko pwani na jua linarudi kutoka majini.

Na mkao wake umekwisha kuchaguliwa na wasimulizi wenyewe. Baada ya kuchomwa, Liongo alishika upinde wake, akaenda mpaka kisimani nje ya mji, akapiga magoti, akatia mshale, akafa hivyohivyo. Watu walimwona kwa mbali wakadhani yu hai, na kwa siku kadhaa hapana aliyethubutu kwenda kuteka maji. Mji ukaona kiu. Mwishowe wakamwomba mama yake aende kumbembeleza.

Mchezo wa kompyuta ungemwonyesha kama walivyomwona wale wa mbali: magoti, upinde, umbo jeusi mbele ya anga la alfajiri, nalo lingesomeka hata katika vitone 38 kwa 60. Picha kubwa ingekuwa ile aliyoiona mama, akiwa amefika karibu vya kutosha kuona kwamba nuru ya asubuhi imelikalia jicho la mwanawe na jicho halipepesi.